Nani Kaiosha?

"Nani kaiosha?" mzee aliniuliza, kabla hata hajataka kujua naiuza shilingi ngapi.

Tulikuwa kando ya njia, Mtaa wa Samora, si mbali na sanamu ya Askari, ambako yeye hutandika kitambaa na kupanga sarafu za zamani. Nikamwambia kwa fahari kwamba ni mimi. Usiku uliotangulia, chumbani kwetu Kariakoo, nilizisugua sarafu nne za marehemu bibi kwa ndimu na majivu hadi zikang'aa. Mzee akaweka lenzi jichoni, akanionyesha mikwaruzo myembamba kama nywele.

"Umeiua, mwanangu."

Tamaa yangu ilianzia kwenye kadi. Binamu yangu alinionyesha kwenye simu kadi ya mchezaji wa besiboli, Mickey Mantle, ya mwaka 1952, iliyouzwa Marekani Agosti 2022 kwa dola milioni 12.6. Kipande cha karatasi! Kilikuwa kimefungiwa ndani ya kasha la plastiki lisilofunguka, juu yake namba: 9.5 kati ya 10. Namba ile ndiyo mali. Kampuni huichunguza kadi pembe zake, kingo zake na uso wake, kisha huipa alama kama mwalimu anayesahihisha mtihani.

Utaratibu huo kadi ziliurithi kwa sarafu. Mwaka 1949 Mmarekani William Sheldon alitunga kipimo cha 1 hadi 70 kwa ajili ya senti za kwao. Mwaka 1986 kampuni ya PCGS ikaanza kuzipima sarafu na kuzifungia kwenye plastiki, na mwaka 1991 ikafuata PSA ya kadi. Kwa hiyo nikajiuliza: kama karatasi ya 1952 ni utajiri, je, shaba ya bibi ya 1916?

Sarafu zile ni heller za Wajerumani. Ndiyo, ndiko tulikolipata neno hela. Mwaka 1904 serikali ya kikoloni iliigawa rupia moja katika heller 100, badala ya pesa 64 za awali, na hela ikaingia vinywani mwetu isitoke tena. Lakini watu hawakuzipokea kwa kuzipenda. Kodi ilikuwa rupia 3, na asiyekuwa na fedha alizitafuta kwa jasho kwenye mashamba ya watu. Kodi hiyo ni mojawapo ya mambo yaliyowasha Vita vya Maji Maji mwaka 1905.

Vita Kuu ilipofunga njia za baharini, Wajerumani wakaanza kugonga sarafu zao wenyewe kwenye karakana ya reli Tabora. Mwaka 1916 walitoa heller 20 za shaba, zaidi ya milioni moja, zenye herufi T. Wakatoa pia rupia 15 za dhahabu iliyochimbwa Sekenke, zenye picha ya tembo mbele ya mlima. Hizo hazikuzidi sana 16,000, na leo wakusanyaji wa Ulaya na Marekani wanazigombania. Mimi tembo huyo nimemwona kwenye kioo cha simu tu. Tabora yenyewe iliangukia mikononi mwa Wabelgiji Septemba mwaka huohuo.

Baba yake bibi alikuwa mpagazi. Alibeba mizigo ya Wajerumani, na Tabora ilipoanguka akabeba ya waliomshinda Mjerumani. Vita vikamtupa Dar es Salaam, palipokuwa na kambi ya Carrier Corps, jina ambalo midomo yetu ililigeuza kuwa Kariakoo. Kwa upande wa Waingereza peke yake wapagazi zaidi ya 90,000 walikufa, wengi wao kwa maradhi. Yeye alirudi na sarafu tano. Bibi alizihifadhi kwenye kopo la maziwa ya unga, na kila nilipomuuliza ni malipo ya mizigo mingapi, alicheka.

Alama za juu kabisa, 60 kwenda juu, hupewa sarafu ambayo haikuwahi kutumika. Yaani haikulipa kodi, haikununua chumvi, haikufungwa kwenye pindo la khanga. Nikilifikiria hilo napata hasira kidogo, ingawa najua soko halikutungwa kunikasirisha mimi. Hata iliyochakaa kwa kupita mikononi hupata namba yake, ya chini. Iliyosuguliwa kwa kawaida hainyimwi tu alama nzuri, huandikwa kwamba imeoshwa, basi, bila namba.

Mzee alinipa elfu kumi kwa zote nne. Nilipokea, kodi ya chumba ilikuwa imekaribia. Kisha akaiona ya tano kiganjani mwangu, heller 10 yenye tundu katikati, nyeusi, imepitishiwa uzi wa kaniki.

"Hii mbona hukuiosha?"

"Uzi ulikataa kufunguka."

Akaitazama muda mrefu kwa lenzi, upande huu na upande ule. Akasema hiyo moja angeinunua kwa elfu ishirini, ila niukate kwanza uzi, maana unazuia kuona uso. Akaniletea wembe.

Nikamwambia ahsante, shikamoo, nikairudisha mfukoni, nikashika njia ya Mnazi Mmoja kwa miguu.