Vinyama vya ngozi

Vinyama vya ngozi ni vivimbe laini visivyo saratani, vinavyoning'inia kwa kikonyo chembamba. Vingi vina upana wa milimita 1 hadi 5, ingawa vichache hufikia sentimita kadhaa. Ndani yake mna nyuzi za kolajeni na mishipa midogo ya damu. Huota hasa panapokunjana au kusuguana: shingoni, kwapani, kwenye kinena, chini ya matiti na kwenye kope. Haviambukizi, tofauti na chunjua, ambazo husababishwa na virusi.

Huwapata zaidi watu wa makamo, wajawazito, wanene na wenye kisukari cha aina ya 2. Vikiwa vingi shingoni, na ngozi ya hapo imekuwa nyeusi na nene kama mahameli, inafaa kupima sukari. Hilo ni muhimu kuliko kuviondoa.

Kwa kawaida havihitaji tiba. Anayekerwa navyo, labda kwa kukwaruzwa na mkufu au kola, anaweza kukatiwa, kuchomewa kwa umeme au kugandishiwa kwa naitrojeni kimiminika, ambayo huweza kuacha baka jeupe kwenye ngozi nyeusi. Kuvifunga uzi, kuvikata kwa wembe au kuvipaka asidi nyumbani huleta damu, usaha na makovu.

Muone daktari kinyama kikitoka damu bila kuguswa, kikikua haraka, kikibadilika rangi, kikiwa kigumu au kikiuma. Kilicho kwenye kope, sehemu za siri au njia ya haja kubwa kisiguswe kabla ya kuchunguzwa.