Kisu cha Kukunja na Jinsi ya Kukijua Kilicho Bora

Ewe msomaji, kuna chombo kidogo kiwezacho kukaa mfukoni mwa mtu tangu asubuhi hata jioni bila ya kumlemea. Kwa chombo hicho mkulima hukata kamba ya gunia na kubebesha mche wa mwembe. Mvuvi hukata mshipi. Fundi huchuna waya. Na mwenye njaa humenya chungwa. Chombo hicho ni kisu cha kukunja. Madukani viko vingi, vyote vinang'aa, wala bei zake hazilingani. Mnunuzi asiyejua huchukua king'aacho zaidi, na mwezi haujaisha mpini umelegea na makali yamekufa. Wahenga walisema: Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Nataka kukuonyesha kwamba aijuaye historia ya kisu hiki hadanganyiki upesi. Kwa maana kila sehemu yake ilipatikana kwa taabu ya watu, na kila taabu imetuachia somo.

Kisu cha kukunja si jambo la jana. Huko Hallstatt, katika nchi ya Austria, kilifukuliwa kisu cha namna hiyo chenye mpini wa mfupa, nacho hukadiriwa kuwa cha miaka 600 hadi 500 kabla ya kuzaliwa Kristo. Warumi nao walikuwa navyo. Lakini visu hivyo vya kale vilikuwa na upungufu mmoja. Bapa, yaani kile kipande cha chuma chenye makali, lilizunguka katika msumari mmoja tu, likashikwa kwa kubanwa na mpini. Mpini ukilegea, kisu hakina kazi tena. Basi hili ndilo somo la kwanza: roho ya kisu cha kukunja imo katika bawaba yake. Ukitaka kununua, kifungue, ulishike bapa kwa vidole viwili, ulitikise kulia na kushoto. Likicheza kingali kipya, je, litakuwaje baada ya mwaka?

Dawa ya upungufu huo ilikuwa kamani, ile springi ya chuma ilalayo mgongoni mwa mpini na kulisukuma bapa lisimame likifunguliwa, lilale likifungwa. Katika karne ya 17 visu vya kamani vilikwisha kutengenezwa katika mji wa Sheffield, Uingereza. Kazi yake moja kubwa ilikuwa kuchonga kalamu za manyoya ya ndege, na hata leo jina moja la Kiingereza la kisu cha mfukoni lina neno kalamu ndani yake. Katika pwani yetu pia, waandishi wa hati za Kiarabu walitumia kalamu za matete, nazo hazikuandika vema bila ya kisu kikali cha kuzichongea.

Mji wa Sheffield ulijaliwa mambo mawili: mito yenye nguvu ya kuzungusha magurudumu, na mawe mazuri ya kunolea. Katika mwaka wa 1624 Bunge la Uingereza liliweka kwa sheria chama cha mafundi wa visu wa wilaya ile, na kila fundi aliyekubaliwa akapewa chapa yake. Kwa nini chapa? Kwa sababu ubora wa chuma hauonekani kwa macho. Mabapa mawili yaweza kufanana kama mapacha, moja likawa gumu likashika makali, na la pili likapinda kwa kukata kijiti. Tofauti yao ilipatikana katika moto, katika kupozwa, na katika subira ya mhunzi. Na mnunuzi hakuwako kuyaona hayo. Chapa ilikuwa ahadi ya mtu asiyekuwapo.

Palipo na ahadi hapakosi mdanganyifu. Katika karne ya 19 visu vingine vilivyotengenezwa Ujerumani viliuzwa vikiwa na chapa za kuiga zile za Sheffield. Hiyo ilikuwa sababu mojawapo ya sheria ya mwaka wa 1887, iliyotaka bidhaa za kigeni zenye chapa ya kudhaniwa kuwa ya Kiingereza zionyeshe zilikotoka. Lakini usidhani kwamba Wajerumani hawakuwa mafundi: mji wao wa Solingen ulikuwa na sifa ya visu na panga tangu zama za kale. Somo la pili basi ni hili: itazame chapa, lakini usiiamini peke yake. Iulize chapa, kisha uulize bawaba, na vyote viwili vikikubaliana, toa fedha zako.

Sasa tuzungumze juu ya feleji yenyewe. Katika karne ya 18 aliishi karibu na Sheffield mtengeneza saa mmoja, Benjamin Huntsman. Kamani za saa zake zilimsumbua kwa sababu chuma cha siku zile hakikuwa sawasawa: mahali pagumu, mahali laini. Katika miaka ya 1740 akafaulu kuyeyusha feleji ndani ya vyungu vya udongo mgumu katika moto mkali sana, ikatoka ya namna moja toka juu hata chini. Husimuliwa kwamba mafundi wa visu wa mji wake waliikataa kwa kuwa ilikuwa ngumu mno kufuliwa, akawauzia Wafaransa. Na visu vizuri vya Kifaransa vilipoanza kuwanyang'anya soko ndipo waliponyenyekea na kuinunua. Tazama jinsi uvivu wa kujifunza unavyoweza kumtoa fundi katika kazi yake mwenyewe!

Wala tusiwasahau walioteseka. Wanoaji wa Sheffield walikaa siku nzima wameinamia mawe yazungukayo, wakavuta vumbi la mawe na la chuma. Vumbi hilo liliharibu mapafu yao, na wengi walikufa wangali vijana. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Na vingine vimeundwa kwa pumzi za watu.

Katika mji huohuo alizaliwa Harry Brearley, mwaka wa 1871. Katika mwaka wa 1913 alikuwa akitafuta feleji ya mitutu ya bunduki isiyoliwa upesi, akagundua kwamba mchanganyiko wenye kromi nyingi haukushika kutu. Wazo lake la kuifanyia visu lilichekwa mwanzoni, kwa kuwa mafundi walipoishughulikia kwa desturi za zamani visu vyao havikukata. Walipojifunza moto wake, dharau ikaisha. Leo yakupasa uchague mwenyewe. Feleji ya kawaida hunoleka upesi, lakini hutaka kufutwa na kupakwa mafuta. Feleji isiyoshika kutu huwafaa wakaao karibu na bahari na wale wasahaulifu.

Sikiliza sasa habari za mtu mmoja wa Uswisi. Karl Elsener alifungua karakana yake katika kijiji cha Ibach mwaka wa 1884. Siku zile nchi yake ilikuwa na uhaba wa kazi, na vijana wengi walihama. Jeshi la Uswisi lilipotaka kisu cha askari chenye bapa, bisibisi ya kufungulia bunduki, kifungulio cha mikebe na msharasi, visu vya kwanza viliagizwa kutoka Solingen. Elsener akawakusanya mafundi wenziwe ili kazi hiyo ifanywe nyumbani, na mwaka wa 1891 wakalipelekea jeshi visu vyao. Lakini viwanda vya Solingen viliuza kwa bei nafuu zaidi. Wenziwe wakajitoa, naye akapata hasara kubwa hata akaokolewa na jamaa zake. Hakuacha. Alibuni njia ya kuzifanya kamani zilezile zitumike pande zote mbili za mpini, akapata kisu chepesi chenye vifaa vingi, akakiandikisha tarehe 12 Juni, 1897. Mama yake, Victoria, alipofariki mwaka wa 1909, akaifanya Victoria kuwa jina la bidhaa zake. Na baada ya feleji isiyoshika kutu kuingia, mwaka wa 1921 likawa Victorinox.

Huko Savoie, Ufaransa, kijana Joseph Opinel alianza mwaka wa 1890 kutengeneza kisu cha wakulima: mpini wa mti, bapa moja, na bei ndogo. Katika mwaka wa 1955 visu hivyo viliongezewa pete ya chuma izungukayo na kulifunga bapa lisirudi juu ya vidole. Hapa pana somo la tatu. Kamani ya kawaida hulishika bapa, lakini hailifungi. Mtu atakayechoma au kutoboa kwa nguvu na achague kisu chenye kufuli. Na ye yote mwenye kisu cha kamani tupu asikisukume kwa ncha.

Kwa hiyo, msomaji wangu, ukisimama mbele ya meza ya mwuza visu, usiharakishe. Tikisa bapa. Lifunge, utazame kama ncha imezama ndani ya mpini isije ikachoma mfuko. Kishike mkononi uone kama mpini waenea kiganja. Chagua bapa lisilozidi urefu wa haja yako. Sentimita 7 zatosha kazi nyingi za kila siku. Jihadhari na kisu chenye vifaa 20 ambavyo hakuna hata kimoja kifaacho. Ukikinunua, nunua na kinoo, maana kisu butu humkata mwenyewe kwa kuwa hutumia nguvu mahali pa makali.

Tena jua pa kukibeba. Darasani si mahali pake, wala ndani ya ndege. Na kisu kionyeshwacho katika ugomvi hakina tena jina la chombo cha kazi. Elsener alitaka vijana wa nchi yake wapate kazi, na Opinel alitaka mkulima akate mkate wake. Aliye na kisu kizuri na akitumie kama walivyokusudia waliokiunda.