Utitiri wa Kijani wa Muhogo: Historia ya Kiumbe Kidogo na Jina Lake

Bibi yangu alizaliwa Ukerewe na sasa anaishi Mwanza. Kila Jumapili tunampigia simu. Nilipomwambia kwamba muhula huu ninaandika insha ya historia kuhusu utitiri, alicheka. "Utitiri? Si ule wa kuku?" Nikamjibu kwamba ndio jamaa zake, ila huu wangu hula muhogo. Akauliza unakula wapi. Nikamweleza: unanyonya majani machanga ya juu. Yanatoka madoadoa ya manjano, yanadumaa, kisha yanapukutika mpaka ncha ya tawi inabaki wazi kama mshumaa.

Bibi alinyamaza kidogo. "Hayo majani nayajua," akasema. "Sisi tulisema ni jua."

Tangu siku ile nimekuwa na swali jingine kabisa kuliko lile nililoanza nalo. Kwa nini watu waliokuwa wakilima muhogo kila siku walilaumu jua, na ilichukua nini kumpata mkosaji mwenyewe? Nitajaribu kuonyesha kwamba sehemu kubwa ya jibu imo katika kazi ambayo wengi wetu tunaiona kavu, yaani kazi ya kuvipanga viumbe na kuvipa majina.

Mdudu asiye mdudu

Kwa Kiswahili cha nyumbani, chochote kidogo chenye miguu mingi ni mdudu. Wala tusione aibu, kwa sababu Carl Linnaeus naye, katika kitabu chake cha mwaka 1758, aliwaweka buibui na utitiri pamoja na wadudu wasio na mabawa. Ni mwanzoni mwa karne ya 19 ambapo Mfaransa Lamarck aliwatenga na kuwapa kundi lao. Sababu zinaeleweka kwa urahisi. Mdudu aliyekomaa ana miguu sita na vipapasio kichwani. Utitiri uliokomaa kwa kawaida una miguu minane, hauna vipapasio, na hauoti mabawa kamwe. Kwa hiyo ndugu zake ni buibui, kupe na nge.

Utitiri unaonyonya mimea uko katika familia kadhaa. Ile inayotuhusu inaitwa Tetranychidae, jina lililotolewa mwaka 1875, na leo ina zaidi ya spishi 1,200 zinazojulikana. Wengi katika familia hii hufuma nyuzi nyembamba juu ya majani, ndiyo maana watu wa lugha nyingi huwaita kwa majina yenye buibui ndani yake. Kuzitofautisha spishi hizo si kazi ya macho matupu. Mtaalamu huweka kiumbe kwenye kioo cha darubini, huhesabu na kupima vinyweleo vya mgongoni, huangalia kucha za miguu, na mara nyingi hutazama umbo la kiungo cha uzazi cha dume. Mwaka 1955 Pritchard na Baker walitoa kitabu kilichoipanga upya familia nzima kwa alama za namna hiyo.

Wa kwetu ana urefu wa kama milimita 0.35, na huyo ni jike aliyekomaa. Hutaga mayai kwenye jani. Kinachoanguliwa kina miguu sita tu. Kisha kinajivua ngozi mara tatu, kikipata miguu yake minane njiani, hadi kinakomaa. Panapokuwa na joto la nyuzi 27 hivi, safari yote kutoka yai hadi utu uzima huchukua karibu siku 12. Tena jike lisilopandwa hutaga mayai vilevile, nayo hutoa madume matupu. Maana yake ni kwamba jike moja lililopeperushwa peke yake hadi shamba jipya linaweza kuanzisha ukoo.

Jina kutoka Bahia

Muhogo si wa kwetu kwa asili. Ulitoka Amerika ya Kusini na uliletwa Afrika na Wareno kuanzia karne ya 16. Ulipovuka bahari uliwaacha nyuma adui zake wengi, na kwa miaka karibu 400 ulistawi bila wao.

Huko ulikotoka, mtaalamu Gregório Bondar, aliyefanya kazi katika jimbo la Bahia nchini Brazil, alieleza mwaka 1938 utitiri wa kijani unaoharibu majani ya muhogo. Aliuita Tetranychus tanajoa, akitumia neno ambalo wakulima wa Brazil wenyewe hulitumia kwa utitiri huo. Baadaye wataalamu waliona kwamba haustahili kukaa katika jenasi ile, wakauhamishia nyingine. Jina la jenasi hiyo nalo likagundulika kuwa lilishatumika zamani kwa mbawakawa, na sheria za majina ya wanyama haziruhusu jenasi mbili kushirikiana jina. Ndipo Wainstein akatoa jina jipya mwaka 1971, na utitiri ukawa Mononychellus tanajoa.

Mwaka ule ule wa 1971, utitiri huo ulionekana Uganda kwa mara ya kwanza katika bara la Afrika. Mtafiti wa Uganda, Z. M. Nyiira, aliandika ripoti juu yake mwaka uliofuata. Ulikuwa umepata shamba la kuchezea: muhogo kila mahali, na hakuna wa kuuwinda. Uliingia Kenya na Tanzania, na kufikia katikati ya miaka ya 1980 ulikuwa umeenea hadi Afrika Magharibi. Ulisafiri kwa njia mbili, upepo na vipando. Hasara zilizoripotiwa zilifika kati ya asilimia 30 na 80 ya mavuno pale ulipozidi.

Hapa ndipo nilipoelewa kwa nini wazee walilaumu jua. Utitiri huu huongezeka wakati wa kiangazi, na mvua kubwa huuosha kwenye majani. Mkulima aliona majani yakiharibika jua linapowaka na kupona mvua zinaponyesha. Kwa aliyekuwa akitazama kwa macho yake, jua lilikuwa jibu la busara kabisa.

Spishi moja au mbili?

Mwaka 1981 spishi jirani, Mononychellus progresivus, ilielezwa kutoka Venezuela. Baadhi ya wataalamu wakasema utitiri wa Afrika ni huo, si tanajoa. Mwaka 1987 Jean Gutierrez aliandika makala ambayo kichwa chake chenyewe kiliuliza kama ni spishi moja au mbili. Leo jina linalotumika ni tanajoa.

Ungedhani huu ni ugomvi wa watu wa darubini tu. Lakini dawa za kunyunyizia ziliwashinda wakulima wadogo kwa bei, na zingeua pia viumbe vinavyowinda utitiri. Njia iliyobaki ilikuwa kumtafuta adui wa asili kule utitiri ulikotoka, na huwezi kujua ulikotoka kama hujui ni nani. Kituo cha kimataifa cha kilimo cha nchi za joto, IITA, kilishirikiana na watafiti wa Colombia na Brazil. Utitiri mwindaji wa kwanza, uliotoka Colombia, uliachiliwa mashambani kwa mamilioni katika miaka ya 1980, lakini haukudumu. Ndipo watafiti wakageukia kaskazini-mashariki mwa Brazil. Kutoka huko, Typhlodromalus manihoti ulipata makazi nchini Benin mwaka 1989, na Typhlodromalus aripo mwaka 1993.

Manihoti nao ulikuwa ukichanganywa na spishi nyingine, hadi uchunguzi wa mwaka 1994 ulipoutenga na kuupa jina lake. Aripo ndio uliofanya makubwa zaidi. Mchana hujificha katika ncha changa za muhogo, usiku huteremka kwenye majani kuwinda. Mawindo yakipungua, huishi kwa chavua ya mahindi na utomvu wa mmea wenyewe, kwa hiyo haufi njaa mvua zinapofuta utitiri wa kijani. Katika mashamba ya Benin mavuno yaliongezeka kwa takriban theluthi moja. Baadaye uliachiliwa Kenya, Tanzania na nchi nyingine, bila mkulima kulipa hata senti.

Simu ya mwisho

Jumapili iliyopita nilimsomea Bibi insha hii kwa simu. Nilipofika kwenye vipando alinikatiza. Alipoolewa mwaka 1974 alihama na mizigo miwili ya mbegu za muhogo kutoka shamba la mama yake, na akawagawia majirani wapya. Ilikuwa ndiyo zawadi ya bibi harusi. "Kwa hiyo mimi ndiye niliyewapelekea?"

Nilimwambia upepo nao ulikuwa ukisafirisha, na kwamba hakuna macho ambayo yangeona kitu kama kile kwenye kijiti. Hakuonekana kuridhika. Kisha akauliza yule mwindaji anaitwaje. Nikamtajia. Alilirudia jina polepole, "Aripo," akasema angalau huyo tunamjua jina, na kwamba safari ijayo nikienda nimwonyeshe kwenye ncha za muhogo wake wa uani. Nimeshanunua kioo cha kukuza.