Gharama za Kiwanda na Insafu ya Mgao

Tangu viwanda vya mashine viliposhamiri Uingereza na Marekani katika karne ya 19, makarani wa hesabu walikuwa na kazi mbili, moja nyepesi na moja nzito. Chuma kilichotumika na ujira wa fundi aliyekichonga vilijulikana bila taabu, kwani kila bidhaa ilikuwa na vyake. Lakini kodi ya jengo, makaa ya mawe, mshahara wa msimamizi na wa karani mwenyewe, hizo zilikuwa gharama za wote, na ilipasa zigawanywe. Desturi iliyoenea ni kuzigawa kwa kufuata ujira: bidhaa iliyokula ujira mwingi ilitwishwa fungu kubwa, na iliyokula ujira haba ilipewa fungu dogo. Maadamu kazi nyingi ilifanywa kwa mikono, na bidhaa zilikuwa za namna chache, mgao huo haukupotoka sana.

Mhandisi wa Kiingereza, Alexander Hamilton Church, aliitambua kasoro yake mapema. Katika makala zake za mwaka 1901 alitoa hoja kwamba mafundi wawili waweza kulipwa ujira sawa, ilhali mmoja asimamia mashine kubwa iliyogharimu mali nyingi na mwenziwe hana ila tupa na meza. Kuzitwisha kazi zao gharama sawa ni dhuluma ya hesabu. Akataka kila mashine ihesabiwe kama duka dogo lenye kodi yake, liidai kila kazi kwa saa ilizotumia.

Wengi hawakumfuata, nami nadhani sababu yaeleweka. Wenye hisa walitaka kujua jumla ya thamani ya mali iliyomo ghalani, na mgao mbovu baina ya bidhaa hauibadili sana jumla hiyo. Tena kabla ya kompyuta, hesabu ya undani namna ile ingalihitaji makarani wengi mno. Basi mashine zikazidi kuchukua kazi ya mikono, ujira ukapungua, na gharama zote za kiwanda zikaendelea kuning'inizwa juu ya ujira huo mdogo.

Ukweli ulidhihirika wazi huko Waterloo, jimboni Iowa, katika karakana ya kampuni ya matrekta ya John Deere iliyochonga vipuri vidogo kutokana na nondo za chuma. Mapema katika miaka ya 1980, wakulima wa Marekani walipolemewa na madeni na matrekta yakakosa wanunuzi, karakana hiyo ilitakiwa ishindane kwa zabuni na watu wa nje. Ikashindwa katika vipuri vya wingi mkubwa, ambavyo ndivyo mashine zake zilivyowekewa, na ikashinda katika vile vichache vichache visivyoifaa.

Tazama kazi yenyewe. Kabla ya kipuri cha kwanza kutoka, fundi hana budi kubadili visu, kuingiza nondo na kupima mpaka vipimo vikubali, na kazi hiyo ni ileile, vitakavyochongwa viwe 100 au 10,000. Tukiikadiria kuwa dola 100, kila kipuri cha kundi dogo chastahili kubeba dola nzima, na cha kundi kubwa senti moja tu. Hesabu ya ujira haikuiona tofauti hiyo: kipuri cha wingi kilimlipia mwenziwe, bei yake ikapanda bila haki, na mnunuzi akaenda kwingine.

Wahasibu wa Waterloo wakazipanga upya gharama katika shughuli saba, miongoni mwao kutayarisha mashine, kushughulikia maagizo ya kazi na kuhamisha malighafi, kila moja ikidai kwa kipimo chake. Na jina la uhasibu wa gharama kwa shughuli likatokana na kazi yao. Robin Cooper na Robert Kaplan wa Harvard wakaueneza ulimwenguni. Lakini utaratibu huo ulikuwa na uzito wake, kwani ilibidi wafanyakazi waulizwe tena na tena jinsi wanavyotumia wakati wao, na kampuni kadhaa ziliuacha kwa kuchoka. Hata mwaka 2004 Kaplan mwenyewe, pamoja na Steven Anderson, wakapendekeza njia nyepesi zaidi: kukadiria dakika ambazo kila shughuli yachukua, na bei ya dakika moja.