Ajali ya Ndege ya Mafunzo N2980 katika Ziwa Ness, 1940, na Utumishi wa Rubani Wake

Historia ya mashambulizi ya anga katika Vita Kuu ya Pili kwa kawaida husimuliwa kwa kutaja miji iliyopigwa na ndege zilizotunguliwa. Masimulizi ya aina hiyo huviacha kando vifo vilivyotokea mbali na adui. Kati ya watu 55,573 wa Kamandi ya Ndege za Mabomu ya Uingereza waliopoteza maisha, zaidi ya 8,000 walikufa katika mafunzo na safari nyingine zisizokuwa za mapigano. Mkasa wa ndege aina ya Wellington, yenye namba N2980, unaonesha jinsi mafunzo yenyewe yalivyokuwa uwanja wa vita.

Ndege hiyo iliundwa Brooklands, Weybridge, mwaka 1939. Tarehe 18 Desemba mwaka huohuo, ikiwa katika Skwadroni ya 149, ilishiriki shambulio la mchana katika Ghuba ya Heligoland. Wellington 22 zilifika eneo la mapambano na 12 zikapotea. Hasara hiyo ilichangia kuwashawishi makamanda kuhamishia mashambulizi yao usiku. N2980 ilinusurika, ikaendelea na operesheni nyingine katika Skwadroni ya 37, na hatimaye, mwaka 1940, ikapelekwa Lossiemouth, Uskoti, kwenye Kikosi cha 20 cha Mafunzo ya Operesheni. Huo ulikuwa utaratibu wa kawaida: ndege zilizochakaa vitani zilikabidhiwa wanafunzi.

Tarehe 31 Desemba 1940, N2980 iliruka kwa zoezi la kuongoza safari ikiwa na watu wanane. Rubani alikuwa Nigel Marwood-Elton, aliyekuwa na cheo kinacholingana na meja wa jeshi la nchi kavu. Juu ya milima ya Monadhliath ndege ilikumbwa na dhoruba ya theluji, na injini ya kulia ikazimika. Wellington ilikuwa na injini mbili tu. Ndege ilianza kupoteza kimo, ilhali mawingu yalikuwa yameifunika milima iliyokuwa chini yake. Rubani akaamuru wenzake waruke kwa miavuli. Sita waliruka, naye akabaki na rubani msaidizi. Muda mfupi baadaye mawingu yalipasuka na maji ya Ziwa Ness yakaonekana. Marwood-Elton aliitua ndege juu ya maji. Wote wawili wakapanda mtumbwi wa mpira na kufika ufukoni salama. Mpiga bunduki wa nyuma, aliyeruka kama alivyoamriwa, alikufa kwa sababu mwavuli wake ulinasa.

Hapa ndipo ulipo uzito wa kimaadili wa tukio hili. Waliobaki ndani ya ndege walipona, na aliyetii amri akafa. Msomaji anayeujua mwisho wa kisa anaweza kuharakia kuilaumu amri hiyo. Hata hivyo, uamuzi wa rubani hauna budi kupimwa kwa yale aliyoyajua alipoutoa. Wakati huo ziwa lilikuwa halijaonekana; kilichojulikana ni kwamba ndege inashuka kuelekea milima isiyoonekana. Kungoja kungeweza kuwaangamiza wote wanane. Hivyo basi, chanzo cha kifo hicho kinapaswa kutafutwa pia katika mazingira ya mafunzo yenyewe: majira ya baridi, ndege iliyotumika sana, na haraka ya vita iliyodai marubani wapya.

Ajali hiyo haikukatiza utumishi wa Marwood-Elton. Alipanda hadi cheo kinacholingana na kanali na kuwa mkuu wa kituo cha ndege cha Burn, Yorkshire. Wadhifa huo ulikuwa zaidi wa uongozi kuliko wa kuruka, lakini aliendelea kushiriki operesheni. Mnamo Machi 1944 ndege aliyokuwamo ilitunguliwa, naye akawa mfungwa wa vita mikononi mwa Wajerumani.

N2980 ilibaki ziwani, kwenye kina cha takriban mita 70, hadi mwaka 1976, ilipogunduliwa kwa sona na watafiti waliokuwa wakimsaka mnyama wa kubuniwa anayesemwa kuishi humo. Iliopolewa tarehe 21 Septemba 1985. Umbo lake la fito zilizosukwa kama wavu, lililobuniwa na Barnes Wallis, lilikuwa bado linatambulika. Kati ya Wellington 11,461 zilizoundwa, ni chache mno zilizosalia, na hii sasa imehifadhiwa katika Makumbusho ya Brooklands.

Mtazamaji wa leo anaweza kuiona kama kumbukumbu ya vita vya Heligoland pekee. Tafsiri hiyo ni pungufu. Ndege hii ilirudi salama kutoka katika vita vilivyomaliza zaidi ya nusu ya wenzake, kisha ikapotea katika zoezi, pasipo adui. Kwa hiyo, historia ya Kamandi hiyo haitakamilika iwapo waliokufa wakijifunza vita hawatahesabiwa sawa na waliokufa wakivipigana.