Foleni ya darajani iliyofika kwenye roboti za wanafunzi

Leo tuache siasa kidogo. Nimekuwa nikipekua programu za Java ambazo wanafunzi wa sekondari huandikia roboti za mashindano ya FIRST, shirika lililoasisiwa na Dean Kamen huko Marekani mwaka 1989. Nyingi zinaanza kwa kutangaza kwamba klasi yao, Robot, inarithi klasi nyingine iitwayo TimedRobot. (Klasi ni kama ramani ya kutengenezea vitu vya aina moja.)

Kwa mstari huo mmoja mtoto wa shule anapewa kazi kubwa iliyokwisha kufanywa na wengine. Mzazi, TimedRobot, ndiye anayehesabu muda na kila milisekunde 20 anamwita mtoto: haya, fanya zamu yako! Mzazi hajui kama roboti hii ina magurudumu manne au mkono wa kurusha mipira. Anaita kwa jina lilelile, na kila roboti inaitika kivyake. Huo ndio polimofizimu, hakuna uchawi. Mwanafunzi aliyenakili tu mstari ule ataweka kitanzi cha kusubiri ndani ya zamu yake, kisha atashangaa roboti imeganda uwanjani. Mzazi bado anasubiri mtoto amalize!

Vitabu hufundisha jambo hili kwa mfano wa mnyama na mbwa. Mimi siupendi. Mfano wa asili ni mzuri zaidi, nao ulitoka Oslo, Norwe.

Miaka ya 1960, Kristen Nygaard na Ole-Johan Dahl wa Norsk Regnesentral walitengeneza Simula, lugha ya kuigiza foleni na shughuli za viwandani kwenye kompyuta. Wakakwama kwenye daraja la kulipia ushuru (anayevuka Kigamboni ataelewa). Kuna malori, mabasi na magari madogo. Yanatofautiana, lakini yote yanakaa foleni moja. Je, uandike habari za foleni mara tatu? Mwaka 1966 Tony Hoare alikuwa amependekeza klasi ndogo ndani ya klasi kubwa, ila wazo lake halikuwatosha. Kuelekea mwanzo wa 1967 wakapata jibu: andika mambo ya pamoja mara moja, kisha lori liyabebe na kuongeza yake. Simula 67 ikawa na urithi, na pia taratibu ambazo mzazi anazitaja na mtoto anazijaza.

Bjarne Stroustrup aliitumia Simula akiwa Cambridge, na kuanzia 1979 akaingiza klasi kwenye lugha ya C, ndipo ikaja C++. Java ikafuata 1995. Mengine mnayajua.

Kinachonivutia zaidi ni Nygaard mwenyewe. Aliona kwamba chombo cha kuigiza kazi kinaweza pia kutumika kupanga kazi za watu bila wao kuulizwa. Basi mwanzoni mwa miaka ya 1970 akaenda kufanya kazi na chama cha wafanyakazi wa chuma wa Norwe, ili wazielewe kompyuta zilizokuwa zinaingia viwandani mwao na wawe na la kusema juu yake. Hilo silioni kwenye masomo ya roboti.

Yeye na Dahl walipewa Tuzo ya Turing ya 2001. Dahl alifariki Juni 2002, Nygaard akamfuata Agosti mwaka uleule.