Kwa nini baadhi ya picha hufunguka kwenye simu hata pasipo intaneti?

Mkulima wa viazi mviringo wa sekta ya Bugeshi, wilayani Rubavu, anaweza kufungua programu ya kilimo akiwa shambani na kukuta mambo matatu kwa wakati mmoja. Vitufe na alama vinaonekana papo hapo. Picha ya jani lenye ugonjwa aliyoitazama jana nayo inaonekana. Lakini picha nyingine, ambayo hajawahi kuifungua, inabaki kisanduku cha kijivu kisichojaa. Simu ni moja na mtandao ni ule ule. Tofauti ni kwamba picha hizo zinatoka mahali patatu: ndani ya programu yenyewe, katika akiba ya simu, na katika seva iliyo mbali.

Kwa wakazi wa maeneo ya milimani na mpakani, suala hili si la mafundi peke yao. Linagusa gharama ya data, nafasi katika simu, na wakati mwingine uamuzi unaofanywa kwa kutegemea picha iliyopo mbele ya macho.

Picha zilizofungashwa ndani ya programu

Programu ya simu ya Android hupakuliwa ikiwa furushi moja lililobanwa, lenye maagizo ya kompyuta, maandishi, sauti na picha. Nembo, alama za vitufe na michoro ya maelekezo kwa kawaida huwa humo. Zikishaingia katika simu hazihitaji mtandao tena, na hubadilika tu pale mtumiaji anaposasisha programu.

Kwa kuwa vioo vya simu havilingani kwa wingi wa nukta, watengenezaji huandaa picha ile ile kwa ukubwa mbalimbali, na simu huchagua inayoifaa. Zamani kila mtumiaji alipakua ukubwa wote, hata asioutumia. Tangu Agosti 2021, duka la Google Play linazitaka programu mpya ziwasilishwe kwa muundo unaowezesha kila simu kupewa sehemu zinazoihusu tu. Hatua hiyo imepunguza uzito wa upakuaji.

Mfano wa programu iliyojengwa kwa ajili ya mashamba yasiyo na mtandao ni Nuru ya mradi wa PlantVillage, uliopo katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, Marekani. Mradi huo ulishirikiana na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO. Uwezo wa kutambua dalili za ugonjwa kwenye jani umewekwa ndani ya simu, hivyo mkulima anaweza kupima jani bila kutuma picha popote. Ilianza na mihogo, kisha mazao mengine yakaongezwa, vikiwemo viazi.

Akiba: nakala ya kilichokwisha kupakuliwa

Picha zinazobadilika kila mara, kama vile za habari, bidhaa sokoni au wasifu wa watu, haziwezi kufungashwa zote. Hizo hupakuliwa kutoka kwenye seva zinapohitajika. Ili kuepuka kuzilipia tena na tena, programu hutunza nakala.

Akiba hiyo huwa na ngazi mbili. Ya kwanza imo katika kumbukumbu ya muda: ni ya haraka sana, ila ni ndogo, na hupotea programu inapofungwa. Ya pili imo katika hifadhi ya kudumu ya simu, nayo hubaki hata simu ikizimwa. Programu inapotaka picha, hutazama ngazi ya kwanza, kisha ya pili, na mwishowe huenda kwenye mtandao.

Nafasi ya akiba ina kikomo. Inapojaa, kanuni inayotumiwa na programu nyingi ni kuondoa kwanza picha iliyokaa muda mrefu zaidi bila kutazamwa. Aidha, simu ikiishiwa nafasi, mfumo wenyewe una ruhusa ya kufuta akiba bila kumuuliza mwenye simu. Ndiyo maana picha iliyoonekana wiki iliyopita inaweza kutoweka leo.

Nyepesi njiani, nzito inapofunguliwa

Picha husafiri ikiwa imebanwa, kwa mitindo kama JPEG au WebP. Lakini ili ionekane kwenye kioo, ni lazima ifunuliwe nukta kwa nukta, na kwa kawaida kila nukta huchukua baiti 4. Picha yenye nukta 4,000 kwa 3,000 hufikia baiti milioni 48 katika kumbukumbu, hata kama faili lake ni la megabaiti 3 tu.

Kwa simu ya bei nafuu, picha chache za namna hiyo zatosha kuifanya programu ikwame au ijifunge. Programu iliyotengenezwa vizuri hupunguza picha kabla ya kuionyesha. Ikiwa na nukta 1,000 kwa 750, picha ile ile huhitaji baiti milioni 3 pekee.

Akiba inapopitwa na wakati

Wahenga walisema akiba haiozi. Akiba ya picha, hata hivyo, inaweza kuchakaa. Seva huiambia programu nakala itumike kwa muda gani. Muda huo ukiisha, programu huuliza kama picha imebadilika, na isipobadilika hupata jibu fupi la kuthibitisha, pasipo kuipakua upya. Ila mtandao ukikosekana, programu nyingi huendelea kuonyesha nakala ya zamani.

Hapo ndipo penye hatari. Orodha ya bei za viazi iliyotumwa kama picha inaweza kuwa ya msimu uliopita. Ramani iliyohifadhiwa inaweza kuonyesha barabara isiyopitika tena. Volkano ya Nyiragongo ilipolipuka Mei 2021, maelfu ya wakazi wa Goma walivuka mpaka na kuingia Rubavu. Katika dharura ya namna hiyo, ramani iliyopakuliwa mapema ni msaada mkubwa, lakini haiwezi kujua lava imepita wapi. Picha isiyo na tarehe haitoshi kuwa ushahidi wa hali ya sasa.

Kufuta akiba si kufuta data

Katika mipangilio ya simu za Android, kila programu ina chaguo mbili zinazokaribiana. Kufuta akiba huondoa nakala za muda tu: programu itaendelea kufanya kazi, ingawa italazimika kupakua picha upya na kutumia data. Kufuta data huirudisha programu kama ilivyokuwa siku ya kwanza, na kunaweza kuondoa akaunti, mazungumzo na kumbukumbu zilizotunzwa humo. Picha zilizofungashwa haziguswi na chaguo lolote kati ya hizo mbili. Huondoka programu inapoondolewa.

Picha zinazopokewa kwa WhatsApp na kuhifadhiwa katika simu si akiba. Ukizifuta, pengine usiweze kuzipakua tena.

Mambo ya kuzingatia

Fungua kurasa na picha utakazozihitaji ukiwa bado kwenye mtandao mzuri. Kwa ramani, tumia chaguo la kupakua eneo zima badala ya kutegemea akiba, ambayo inaweza kufutwa wakati wowote. Zima upakuaji wa picha unaojiendesha wenyewe katika programu za mawasiliano.

Karibu na mpaka wa Kongo, hakikisha kuwa simu haijashika mnara wa nchi jirani kabla ya kupakua picha, kwani kutumia data kwenye mtandao wa kigeni kunaweza kugharimu zaidi. Na kabla ya kununua dawa ya ugonjwa wa viazi au kukubali bei kwa sababu ya picha, tazama tarehe yake, kisha umuulize afisa kilimo wa eneo lako.